Maandishi ya Ibada, Lugha Isiyojulikana

Watu wa Stockholm hufa kwa utaratibu mzuri. Fujo hubaki kwenye vitu vyao. Mzee akishazikwa, watoto huja na gari la kukodi, hugawana vinavyogawanyika, na mwisho wa siku, kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, hubaki Budha mmoja wa shaba aliyenunuliwa likizoni Phuket miaka ya themanini. Hakuna anayemtaka. Hakuna anayethubutu kumtupa. Ni watu wasioamini kitu chochote, lakini kutokuamini kwao hakujafika kiwango cha kumtia Budha kwenye pipa la taka. Basi humfunga kwa taulo na kumpeleka Märsta.

Huko Märsta, nyuma ya maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, karakana moja ya zamani ya matairi imegeuzwa hekalu la Wathai, na upande yalikopangwa matairi sasa ni makumbusho. Hekalu lina sheria moja isiyoandikwa popote na isiyovunjwa kamwe: zawadi haikataliwi. Anayetoa hupata thawabu, na kumkatalia ni kumpora thawabu yake mlangoni. Ni sheria nzuri kwa roho na mbaya kwa rafu. Katika miaka kumi na mitano makumbusho yalikuwa yamepokea Mabudha wa shaba, wa mbao, wa jiwe na wa plastiki. Kengele, bakuli za watawa, vitabu vya majani ya mtende, majoka mawili ya Kichina ambayo hayakuhusika, na taa moja ya mezani ambayo mtoaji alishikilia kuwa ni takatifu kwa sababu mama yake aliipenda sana.

Aliyevipangusa vumbi vyote hivyo alikuwa Mrundi, Mkatoliki, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, jina lake Protais.

Hakuna la ajabu hapo. Protais alizaliwa Ruyigi, akafundisha darasa la tatu kwa miaka minne, akakimbia mwaka wa tisini na tatu, akaishi kambini mkoani Kigoma miaka kumi na mitatu, ambako alijifunza Kiswahili na kupanga foleni. Kisha Umoja wa Mataifa ukamchagulia Uswidi. Uswidi ikamchagulia ufagio wa hospitali. Aliushika mpaka mgongo ulipokataa, ndipo ofisi ya ajira ikamwita, ikatazama kompyuta kwa muda mrefu, ikamuuliza kama ana tatizo lolote na dini za watu. Akasema hana. Ilikuwa kweli. Dini za watu hazikuwahi kumfanya lolote. Alichofanyiwa alifanyiwa na watu.

Basi kila asubuhi alitoka Fisksätra, treni, basi, treni nyingine, karibu saa mbili nzima, kwenda kumpangusa Budha nyuma ya masikio kwa brashi laini ya manyoya. Alikuwa hodari. Alijua ni sanamu gani isiyotaka kitambaa chenye maji, na ni ipi ambayo dhahabu yake ingebaki kidoleni. Mkuu wake alikuwa Gunnel, Mswidi wa miaka sabini na miwili, mstaafu wa kazi ya nyaraka, aliyeingia katika Ubudha mara baada ya talaka na hakuwahi kurudi nyuma katika lolote kati ya hayo mawili. Gunnel alikuwa ameweka utaratibu: kila kitu kina kadi, kila kadi ina namba, na kila kitu kidogo kina sanduku la kijivu la karatasi ngumu maalumu, isiyogeuza vitu kuwa njano, lililofungwa kwa uzi wa pamba na kubandikwa lebo yenye jina la hekalu, namba, na neno *Gåva*, yaani zawadi.

Masanduku yaliyobonyea kona yalitupwa. Protais aliomba ayachukue. Mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa shule isiyo na chaki hawezi kutazama karatasi nzuri ikitupwa. Nyumbani Fisksätra alikuwa na masanduku kama hayo sita: la risiti, la dawa za presha, la soksi, na kadhalika, yote yakijitangaza kuwa ni zawadi kwa hekalu.

La sita lilikuwa la mkewe, Colombe.

Colombe alifariki Februari ya mwaka uliopita, wiki sita tangu maumivu ya kwanza, katika hospitali ambayo mumewe alikuwa amepiga deki korido zake zote. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kumbukumbu nyingi. Kambini, mwezi wa tatu tu baada ya kufika, alipata daftari la shule lenye jalada la buluu, akaanza kuandika majina. Waliokufa, waliopotea, walioonekana mara ya mwisho kwenye mto fulani. Fulani, mtoto wa fulani, kilima fulani, mwaka, na mstari mmoja wa jinsi ilivyokuwa kama ilijulikana. Aliandika wa kwao, kisha akamketisha Protais jioni baada ya jioni akaandika wa kwao Protais pia. Yalifika majina mia mbili na matatu. Protais aliyataja yote, na yalipokwisha kuandikwa akajiruhusu kuyasahau. Hakuna wa kumlaumu. Mtu akishaandikiwa jambo mahali salama, kichwa hupata nafasi ya kulala.

Kila palipokuwa na ndoa, ubatizo au msiba, Colombe alisimama akasoma. Yote. Ilichukua dakika arobaini, na chakula kilipoa, na watoto waliozaliwa Stockholm walichezea simu chini ya meza, na hakuna aliyewahi kumwambia afupishe.

Baada ya mazishi, Protais alichukua daftari, rozari ya mkewe, na imvutano yake, lile vazi la kitambaa alilojifunga siku ya harusi, akavitia katika sanduku la kijivu na kulifunga kwa uzi. Katika maisha yake yote hakujua chombo kingine kilichotengenezwa mahsusi ili kitu kisiharibike. Akaliweka kabatini, upande wa Colombe, akafunga mlango. Kwa mwaka mzima hakuufungua. Wako wanaotembelea kaburi. Yeye alitembelea kabati, na kila mara aliishia nje.

Septemba, binti yao Bella alikuja kusafisha nyumba. Bella alikuja Uswidi akiwa na miaka minne. Sasa ana ishirini na tatu, ameolewa, anaishi Sundbyberg na anafanya kazi kwenye kaunta za abiria za uwanja wa ndege wa Arlanda. Alikuwa amesikia kwenye simu jinsi baba yake anavyosema "niko sawa" na akaelewa kwamba vyombo vimerundikana. Alifua, akadeki, akafika kwenye kabati la mama yake, na ndani yake, nyuma ya magauni, akakuta sanduku la kijivu lenye lebo ya hekalu.

Ya risiti na soksi alikuwa ameyaona yakiwa wazi juu ya meza, akacheka. Hili lilikuwa limefungwa kwa uzi na limefichwa. Bella alijua baba yake alikuwa ametia sahihi karatasi kwamba hakuna kitu kitakachotoka makumbusho. Kichwani akamwona mzee mfiwa aliyeanza kuja nyumbani na vitu vitakatifu vya watu na kuvificha kwenye magauni ya marehemu. Akaona wakimfukuza. Hakufungua, alikuwa amelelewa vizuri, na malezi mazuri nayo yana madhara yake. Kesho yake, Jumapili, siku ambayo baba yake hafanyi kazi, akipita kwenda Arlanda, aliliweka sanduku kwenye rafu ya zawadi mlangoni pa hekalu na kuondoka bila kusema na mtu. Wala hakumwambia baba yake, ili asimwaibishe.

Gunnel alilifungua mchana huohuo. Alikuwa na masanduku arobaini ya kushughulikia, na Kirundi hakikuwa miongoni mwa lugha alizozitarajia. Aliandika kadi kwa mwandiko wake wa miaka arobaini ya nyaraka: *Daftari, karatasi na wino, jalada la buluu. Maandishi ya ibada, yenye kujirudia, lugha isiyojulikana, pengine Asia ya Kusini-Mashariki. Shanga za sala. Kitambaa cha ibada. Mtoaji: hajulikani.* Kwa haki, shanga za sala zilikuwa shanga za sala. Na ukurasa baada ya ukurasa wa majina, kila jina likifuatiwa na kilima na mwaka, hufanana sana na ibada kwa mtu asiyejua lugha. Kwa anayeijua pia.

Chini kabisa akaandika: *Kundi C.*

Makundi yalikuwa matatu. A ni vya kuonyeshwa, B ni vya stoo, na C ni vya kuingizwa kwenye msingi. Mwaka huo hekalu lilikuwa linajenga chedi uani, ule mnara mweupe wenye ncha unaojengwa juu ya vitu vitakatifu, na kwa desturi yao vitu vilivyovunjika, au vilivyozidi, au visivyo na mahali, huwekwa ndani ya msingi na kufunikwa. Havitupwi. Vinaheshimiwa pasipo kuonekana tena. Kwa makumbusho yaliyokatazwa kukataa kitu, hilo lilikuwa suluhisho la mbinguni.

Kubeba masanduku mia mbili na kumi na manne mpaka kwenye shimo la msingi ilikuwa kazi ya Protais. Alimwomba rafiki yake Eliakim amsaidie, Mkongomani wa Uvira, dereva wa foku, ile mashine ya kuinulia mizigo, katika ghala la jirani na mzee wa kanisa la Kipentekoste, mtu wa sauti kubwa na dhamiri nyepesi kusumbuka.

"Protais, sasa mimi nikikufa kesho, nitamwambia Yesu nini?" aliuliza Eliakim, sanduku begani. "Ataniuliza, Eliakim, ile siku ulikuwa unabeba masanamu ya kwenda wapi?"

"Mwambie ulikuwa unayazika."

"Eh! Ile iko jibu ya kweli." Akabeba kwa furaha zaidi. Baadaye kidogo akampa Protais jingine kwa mkono mmoja. "*Tiens*, hii iko nyepesi sana. Ndani mwake muko nini?"

Protais aliinama kuangalia lebo. Namba ilikuwa imefutwa na kuandikwa mpya. "Ndani muna C," alisema, akalipokea, akalipanga juu ya mengine, lebo ikitazama nje, jinsi Gunnel alivyopenda.

Jumamosi iliyofuata watawa waliimba, waumini wakatupia shimoni sindano na uzi ili wapate akili kali, na madaftari na penseli ili watoto wao wafaulu shuleni. Mama mmoja wa Kithai alimwona Protais amesimama pembeni na kofia mkononi, akamhurumia kwa kukosa cha kutoa, akamtilia daftari jipya mkononi. Protais akalitupa shimoni pamoja na wenzake. Kisha lori la zege likarudi kinyumenyume uani, likilia kama yanavyolia malori yote yanaporudi nyuma, likamwaga.

Desemba ilipita, Januari ikapita. Mwezi wa pili ukoo ulipanga siku ya kuondoa matanga, *kuganduka* kwa lugha yao: Jumamosi ya pili ya Machi, ukumbini Sundbyberg. Siku hiyo mwenye msiba husimama na kusema neno, na watu wa kwao walikuwa wanajua neno la nyumba hii ni lipi. Yangesomwa majina yote, na la Colombe lingesomwa mwisho, ili aingie kwa wenzake mbele ya watu. Na Bella alikuwa na mimba ya miezi saba; mtoto angepewa jina kutoka humo. Hayo Protais alikuwa ameyapanga kichwani kwa muda mrefu. Ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyokuwa amebakiwa nayo kumfanyia mkewe.

Akafungua kabati. Yalikuwamo magauni, viatu, mfuko wa chumvi ya kulowekea miguu. Akatoa magauni yote. Akatoa viatu. Akampigia Bella.

"Mwanangu, kabatini mwa mama kulikuwa na sanduku la kijivu."

"Pappa." Kisha kwa Kiswidi, haraka, kama kila alipokuwa na hatia: "Nililirudisha."

"Ulilirudisha wapi?"

"Hekaluni kwenu. Lilikuwa na lebo yao! Niliogopa watakufukuza. Sikulifungua, pappa, naapa, wala sikumwambia mtu yeyote. Walikuwa wameanza kulitafuta?"

Protais alizitazama hanga tupu za magauni zikicheza bado.

"Hapana," alisema. "Hawakulitafuta."

"Umekasirika?"

"Nikasirikie nini? Umefanya vizuri. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi pia," alisema, jambo ambalo halikuwa kweli, lakini siku hiyo halikuwa hata katika yale makubwa.

Asubuhi yake aliifungua droo ya kadi kabla hajavua koti. Alitafuta kwa tarehe. Kadi aliikuta ya thelathini na tisa, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Ile "yenye kujirudia" ndiyo iliyomchoma. Majina ya baba yalikuwa yanajirudia kweli, walikuwa ndugu.

Gunnel alipofika, Protais alimweleza kwa Kiswidi chake cha hospitali, ambacho kina maneno mengi ya sakafu na machache ya msiba. Hakumtaja Bella. Alisema sanduku lilifika kwa makosa. Gunnel alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya sanduku la maonyesho, kitu alichokuwa amewakataza watu wote kwa tangazo lenye picha.

"Miaka arobaini," alisema. "Sikuwahi kupoteza karatasi."

"Hukuipoteza. Tunajua ilipo."

Hakukusudia mzaha, na Gunnel hakuusikia. Alilia kidogo, kwa nidhamu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa nyaraka na hakuwa na kingine cha kumpa, alichukua kalamu akasema angalau kadi isahihishwe. Lugha?

"Kirundi."

Maudhui?

Protais alifikiri. "Watu," alisema.

Gunnel akaandika. Idadi? Mia mbili na watatu. Mtoaji?

Hapo Protais aliitazama kadi. Kadi za Gunnel zilikuwa wazi kwa umma, kila jina lilitafutika kwenye tovuti ya hekalu, na Bella alikuwa na tabia ya kutafuta kila kitu kwenye simu yake.

"Acha hivyohivyo," alisema. "Hajulikani."

Mkuu wa watawa, ambaye wote walimwita Ajaan, yaani mwalimu, alikuwa amekuja Uswidi mwaka mmoja na Protais, na Kiswidi chao kilikuwa cha darasa moja. Walielewana vizuri sana kwa sababu hakuna aliyeweza kumzidi mwenzake kwa neno. Walisimama uani mbele ya chedi. Theluji ilikuwa imeganda pembeni mwake, na msingi ulikuwa mweupe, laini, bila ufa.

"Naweza kuvunja," Ajaan alisema polepole. "Naweza kuomba kibali cha manispaa. Naweza kuwaomba radhi waliotoa. Hayo si magumu." Akagusa ukuta kwa kiganja. "Lakini zege halikumwagwa juu ya kifuniko, Protais. Lilimwagwa juu ya masanduku. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Karatasi na zege bichi."

"Najua."

"Pole sana, rafiki yangu." Ajaan alitafakari, na uso wake ukachangamka kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kitu cha kutoa. "Tutawasomea. Kila mwezi mpevu watawa wote tutawataja, mmoja mmoja, mpaka mimi nife, na baada yangu ataendelea mwingine. Niletee majina tu."

Protais alimtazama. Alikuwa mtu mwema, na ilikuwa ofa ambayo hakuna askofu aliyewahi kumpa.

"Hayo majina ndiyo niliyokuja kuyaomba," alisema.

Zilibaki wiki nne. Alinunua daftari, akaandika aliyoyakumbuka: kumi na tisa usiku wa kwanza, matano wiki nzima iliyofuata. Alimpigia kaka yake aliyebaki Kigoma. Kaka alikumbuka sita, kisha akauliza kwa nini asimuulize Colombe, akakumbuka, akaomba samahani. Mwisho akaenda kwa Dative, binamu wa Colombe, msafishaji wa ndege, anayeishi hapohapo Märsta katika nyumba inayotikisika kila ndege inapopaa.

Dative alikuwa na kumbukumbu kubwa sana, bahati mbaya ya mambo mengine.

"Yule wa meno," alisema. "Wee Protais, unamjua. Aliyekuwa anacheka hata msibani."

"Jina lake."

"Tulimwita Wa Meno! Na dada yake aliyeiba maharage ya padri akayaficha kwenye sidiria. Aah, yule mwanamke!" Dative alicheka mpaka akafuta macho. "Alikufa kanisani, na wengine."

"Jina lake, Dative."

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Mwalimu mzima, umeoa kwetu miaka thelathini na tano, hujui majina ya shemeji zako? Colombe angekupiga na mwiko."

"Angenipiga."

"Haya, andika Bucumi. Huyo namkumbuka, Bucumi wa mzee Ntahompagaze."

Protais aliandika, kisha kalamu ikasimama. Bucumi ni jina la mtoto wa kumi. Kwao mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda; mzazi akifika huko huwa amechoka kutunga na huanza kuhesabu tu. Kama palikuwa na Bucumi, basi walikuwepo tisa kabla yake. Watatu kati yao wangeweza kupatikana kwa kuhesabu. Sita hawakuwa na namba; walikuwa na majina yao wenyewe, waliyopewa kwa fikira, wakati wazazi bado wana nguvu. Hao ndio hasa waliopotea.

"Andika hata Wa Meno," Dative alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Si bora hilo kuliko hakuna?"

Aliandika kwa penseli. Ndege ikapita, vikombe vikatetemeka, wakangoja iishe.

Jumamosi ya pili ya Machi ukumbi wa Sundbyberg ulijaa. Warundi, Wanyarwanda wachache, Wakongomani wa kanisa la Eliakim, wanawake wawili wa Kithai walioleta wali wa kunata kwa heshima ya mtu aliyewatunzia Mabudha wao. Gunnel alikaa nyuma kabisa, amevaa nyeusi, ingawa siku ya kuondoa matanga si ya nyeusi, na hakuna aliyemwambia. Bella alikaa mbele, mikono juu ya tumbo. Watu walijiweka sawa vitini, kama wanaojua kwamba safari ni ya dakika arobaini. Mama mmoja alimvua mtoto viatu.

Protais alisimama na daftari jipya. Alisoma polepole kadiri mtu anavyoweza kusoma polepole bila kuonekana mgonjwa. Alipofika kwenye lile la penseli aliliangalia, akalipita. Alisoma majina hamsini na moja. Kisha akasema: "Colombe," na jina la baba yake, na kilima, na mwaka, na Stockholm. Akafunga daftari.

Zilikuwa dakika tisa.

Ukumbi ulingoja kidogo. Kisha ukasema amina, kwanza kwa wasiwasi, halafu kwa pamoja, na viti vikaanza kuburutwa kuelekea kwenye chakula. Protais alikuwa bado amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa wiki nne kwa swali moja, kutoka kwa yeyote: mbona umeruka? Alikuwa hata na jibu. Alitazama nyuso moja moja, zile za watu waliosikiliza orodha ile mara kumi, mara ishirini, katika kila harusi na kila ubatizo. Walikuwa wanatafuta sahani.

Eliakim alikuja, akamkumbatia mpaka mgongo ukalia.

"Protais, leo umefanya vizuri, *vraiment*. Marehemu, Mungu amulaze, alikuwa anatumalizia siku. Wewe umefupisha. Chakula iko bado moto!"

"Asante," alisema Protais.

Kisha Bella akaja na sahani mbili, akampa moja, akaomba daftari, alilodhani ni nakala ya lile la buluu. Alitaka kulipiga picha, alisema, kwa ajili ya mtoto, lisije likapotea. Aliliweka juu ya meza kati ya sambusa na juisi, akalinyoosha kwa kiganja, akapiga. Akafunua. Akapiga tena. Akafunua mara ya tatu, na ukurasa ulikuwa mweupe. Akarudi nyuma, akafunua upya, kama kurasa zimegandana.

"Ndio wote hawa?"

"Ndio wote."

Bella alikunja uso akiitazama simu. Alikuwa na uso wa mama yake alipokuwa akihesabu. "Nilidhani walikuwa wengi zaidi," alisema. "Zamani mama alikuwa anasoma na kusoma."

"Ulikuwa mdogo," Protais alimwambia. "Mtoto huona kila kitu ni kirefu."

Bella alifikiri, akatabasamu, akakubali.